Mhuri wa Mikono Safi

Iko nchi moja, na msomaji asijisumbue kuitafuta kwenye ramani kwa sababu haimo. Na akiiona imo, basi macho yamemdanganya na mwandishi hahusiki. Ni nchi ya watu wapole, wanaopiga makofi kabla hotuba haijaanza wasije wakasahau. Mwaka mmoja mji mkuu wa nchi hiyo ulishikwa na tumbo la kuendesha. Walipougua wananchi, serikali ilisikitika. Walipougua wabunge wawili, serikali ilichukua hatua.

Hatua yenyewe ilikuwa kamati. Kamati ikasafiri nchi tatu za baridi kwenda kutazama mikono ya watu wa huko, ikarudi na makoti mazito na pendekezo moja: iundwe Wizara ya Mikono. Wizara ikaundwa, ikajengewa jengo la ghorofa tisa lenye mabomba mia mbili ya kunawia, na mabomba hayo yakazinduliwa kwa ngoma na utepe. Maji peke yake ndiyo hayakufika, na hadi leo haijulikani nani alisahau kuyaalika. Uwaziri akapewa Mheshimiwa Daktari Tunguja, aliyetunukiwa udaktari wake na chuo alichokifungua mwenyewe.

Ng'ambo ya barabara, mkabala na lango la Wizara, palikuwa na kibanda cha bati cha mama lishe aitwaye Mwantumu. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti isiyopanda wala kushuka, na msimamo mmoja usio na mjadala: hakuna anayegusa sahani yake kabla hajanawa. Alikuwa na ndoo nyeupe yenye koki, beseni chini yake, na kipande cha sabuni ya mche alichokifunga kamba kisije kikatembea. Alisimama mwenyewe pale, akafungua koki, akakagua vidole vya mteja kimoja kimoja kama anayechambua mchele. Dereva wa katibu mkuu aliwahi kurudishwa mara mbili kwa sababu ya kucha. Wateja walinung'unika, wakanawa, wakala, na kesho yake wakarudi. Na katika mwaka ule wa tumbo hakuna hata mmoja wao aliyeugua. Jambo hilo lilijulikana mtaa mzima, isipokuwa kwenye ripoti.

Mteja wake wa kwanza kila asubuhi alikuwa Mzee Kwangaya, mlinzi wa lango la Wizara, ambaye sare yake ilikuwa imepauka lakini saluti yake bado mpya. Alilipigia saluti kila gari lililoingia, hata la taka. Alimwita Mwantumu mwanangu, na kwa miaka kumi na mmoja alikula kwake uji na mihogo bila kulalamikia tumbo. Mkewe, Bi Tatu, alimpelekea Mwantumu bamia za bustanini kwake, na sikukuu ikipita bila Mwantumu kufika kwao, ilikuwa kesi ya mwezi mzima.

*

Siku ya kutangaza sheria mpya, Mheshimiwa Tunguja alipanda jukwaani na kutoa hotuba ambayo watoto wa shule wa nchi hiyo sasa wanaikariri.

"Ndugu wananchi," alisema, "tumechunguza kwa kina. Mkono ulionawa na mkono ambao haujanawa, ukiitazama inafanana. Mwananchi atajuaje? Serikali itajuaje? Kunawa ni jambo la siri, na serikali makini haijengwi juu ya siri. Kuanzia leo usafi utaonekana kwa macho. Utakuwa na namba. Utakuwa na mhuri."

Makofi yalipigwa mpaka wengine wakaumia viganja. Ikawa kila anayeuza chakula barabarani apigwe mhuri wa zambarau katika kiganja cha kulia. Wakubwa, ambao hawauzi chakula lakini wanakijua kukila, walipigwa mhuri wa kijani. Mwenye mhuri alihesabiwa msafi kisheria kwa mwaka mzima. Na kwa kuwa mhuri ulikuwa na nembo ya taifa, na maji hufuta wino, kifungu cha tisa kilimkataza mwenye mhuri kunawa. Kufuta nembo kwa maji, sabuni, jivu au limau lilikuwa kosa. Jasho liliruhusiwa miezi ya joto, kwa barua.

Wauza chakula wakapanga foleni. Nyuma ya kioo aliketi Bwana Afya Ndembo, mtu mnene wa heshima zake, aliyelowesha kidole kwa ulimi kila alipofunua ukurasa wa daftari. Mikono hakuitazama, alitazama majina. Sponji ya wino ilikuwa moja tu, yenye unyevu wake, na mhuri ulitoka humo ukaenda kwenye kiganja cha mpara samaki, ukarudi, ukaenda kwenye kiganja cha muuza utumbo, ukarudi, ukaenda kwa mama aliyetoka kumbadilisha mtoto nepi, ukarudi tena. Zamu ya Mwantumu ilipofika aliuliza ananawia wapi kwanza. Bwana Afya alimjibu kwa upole kwamba hapo ni Wizara ya Mikono. Masuala ya maji yana wizara yake, na wizara hizo mbili hazisemeshani.

Mwantumu alipigwa mhuri, akarudi kibandani, akanawa kabla ya kuosha mchele. Akanawa baada ya kumpara samaki, akanawa tena alipotoka msalani. Kufikia adhuhuri nembo ya taifa ilikuwa imekwenda na maji ya beseni, na yeye wala hakuisikitikia. Wiki ya pili Bwana Afya alipita kukagua, akamwambia afungue kiganja. Alipokiona kitupu, alirudi nyuma hatua mbili, akafunika pua kwa leso, akamwandika kwenye daftari: Mchafu Namba Moja.

*

Sherehe ya kuadhimisha miezi mitatu ya mhuri ilifanyika katika uwanja wa Wizara. Wapishi walikuwa wa zambarau wote, wageni wa zambarau na kijani. Mzee Kwangaya naye alikuwa amepigwa mhuri, kwa heshima ya utumishi wake, na alitembea siku nzima kiganja kimefunguka kama aliyebeba yai. Kabla ya kuingia kula alipita kibandani kumwonyesha Mwantumu. Mwantumu akamwomba anawe japo ule mkono wa kushoto, halafu aibe dakika moja tu anawe na wa kulia, hakuna atakayeona.

Mzee alicheka. "Mwanangu," alisema, "mimi serikali imeshaninawisha."

Akaingia, akala pilau na kachumbari iliyokatwa na mikono iliyokuwa haijaguswa na maji tangu ipigwe mhuri. Siku ya pili walilazwa watu arobaini na mmoja. Siku ya tatu Mzee Kwangaya alifariki, mwili umemkauka, kiganja chake cha kulia bado kina nembo safi isiyo na doa. Wizara ilipeleka mpiga picha akaipige ile nembo, kwa ajili ya kumbukumbu ya ubora wa wino.

Tume ikaundwa. Iliketi wiki mbili na kutoa matokeo ambayo mtu mwenye akili timamu hawezi kuyapinga bila kukamatwa. Wapishi wote walikuwa na mhuri; kwa hiyo walikuwa wasafi. Waliokula wote walikuwa na mhuri. Kwa hiyo walikuwa wasafi. Uchafu basi ulitoka nje. Na nje, katika eneo lote, alikuwepo muuza chakula mmoja tu asiye na mhuri. Kwamba Mwantumu hakukanyaga kwenye sherehe, wala hakupika hata kitunguu, tume ililiona hilo na kulitolea ufafanuzi: uchafu wake uliruka ukuta.

Kibanda kikabomolewa asubuhi. Ndoo ikachukuliwa kama kielelezo, na beseni na sabuni yake. Picha ya Mwantumu ikabandikwa kwenye kuta, miti na milango ya vyoo vya mji mzima, na chini yake maneno: HUYU NDIYE. Watu aliowalisha miaka kumi na zaidi wakawa wanavuka barabara wakimwona. Hayo aliyavumilia. Lakini alipokwenda msibani kwa Mzee Kwangaya, na kanga yake kichwani na kilo mbili za mchele mkononi, Bi Tatu alimkuta mlangoni.

"Toka kwangu," alimwambia mbele ya waombolezaji. "Umeniulia mume, halafu unaniletea mchele?"

Mwantumu aliweka mchele chini akaondoka. Njia nzima hakulia. Alipofika kwake alifunga mlango, akakaa juu ya kinu, na hapo ndipo hasira ilipompanda, hasira nzito isiyo na kelele, ya mtu ambaye tangu hapo hataki tena kuombwa radhi. Alitaka walipie. Alitaka Tunguja aseme kwa kinywa chake, Bi Tatu akiwa anasikia, nani alimuua Mzee Kwangaya. Na kabla hajasema, alitaka ale.

*

Mtu mwingine angeandika barua, au angekwenda kwa mganga. Mwantumu alinunua kitabu cha sheria. Kilikuwa na kurasa themanini na picha ya Waziri katika kila ukurasa wa pili, na huenda yeye ndiye mtu pekee katika nchi ile aliyekisoma mpaka mwisho. Kwenye ukurasa wa sabini na moja alikuta kifungu kilichoandikwa na karani mmoja mwenye kiherehere, na kupitishwa na bunge lililokuwa limekwenda kunywa chai.

Kifungu kilisema kwamba kila mwaka, Siku ya Mikono, Waziri na wakurugenzi wake watampa mkono kila muuza chakula mwenye mhuri atakayehudhuria, kiganja kwa kiganja, mhuri kwa mhuri, kisha watakula hadharani kwa mikono hiyohiyo, ili taifa lione imani yao. Siku ya Mikono ilikuwa imebaki wiki tatu. Wizara ilikuwa imewaalika wauza chakula thelathini, ndugu wa wakurugenzi, ambao hawakuwahi kuuza hata karanga.

Mwantumu akaanza kutembelea wenzake. Alianza na Selemba, muuza utumbo, aliyekuwa miongoni mwa wachache waliokuwa bado wanaitikia salamu yake, maana na yeye alikuwa amemzika shemeji kwa ile pilau. Hakumwomba avunje sheria. Alimwomba aitii.

"Kifungu cha tisa kinasema usinawe," alimwambia. "Basi usinawe. Na sikukuu yao ikifika, uje umpe Waziri mkono."

Selemba akaanza kutabasamu taratibu, jino moja moja. Kufikia jioni habari ilikuwa imefika kwa wapara samaki, kwa wachinja kuku, kwa wauza supu ya makongoro na kwa akina mama wa vitumbua. Kilichowapa shida kilikuwa wateja. Mwantumu hakutaka mtu yeyote wa mtaani augue kwa ajili ya hasira yake, kwa hiyo walikubaliana wiki ile ya mwisho wasiuze chakula. Jiko lolote lisiwashwe. Wakaitangazia serikali kwamba wako kwenye wiki ya usafi wa mazingira, na serikali ikawapongeza redioni.

Na kweli walisafisha mazingira. Walizibua mitaro kwa mikono. Walisafisha utumbo wa ng'ombe wakautupa, wakasafisha mwingine. Walipara samaki, walinyonyoa kuku, waliwabadilisha watoto nepi, wao kwa wao na wa jirani. Walishika pua zao na masikio ya mbuzi. Kila mmoja aliilinda nembo yake ya taifa isiguswe na tone la maji, na hakuna aliyekiuka kifungu hata kimoja.

Mwantumu mwenyewe, kwa kuwa hakuwa na mhuri, asingeruhusiwa hata kusogelea uwanja. Kwa hiyo alikwenda ofisini kwa Bwana Afya Ndembo na kumshauri kwa unyenyekevu kwamba kwenye sherehe ile kubwa wananchi wangependa kuona usafi, lakini watauelewaje bila kuonyeshwa uchafu? Akajitolea kusimama karibu na meza kuu na ndoo yake, awe mfano hai. Bwana Afya alipendezwa kiasi cha kusahau kufunika pua. Alimwandikia Waziri waraka akidai wazo ni lake, na Waziri akajibu kwa neno moja: Bora. Ndoo ikatolewa stoo ya vielelezo pamoja na beseni na sabuni yake, ikajazwa maji ya kununua, na Mwantumu akavishwa ubao shingoni wenye maandishi MFANO WA UCHAFU. Aliuvaa bila ubishi. Usiku wa kuamkia sherehe, kwa mara ya kwanza tangu msiba, alilala kama mtoto.

*

Siku ya Mikono kulikuwa na bendera, matarumbeta, na kamera za televisheni ya taifa zilizorusha kila kitu moja kwa moja. Meza kuu ilitandikwa kitambaa cheupe. Pilau ililetwa kutoka hoteli kubwa, chini ya kawa, moto na safi kupindukia, kwa sababu wakubwa wa nchi ile hawakuwahi kula cha barabarani hata siku waliyokisifu. Mstari wa mbele aliketishwa Bi Tatu, aliyepewa cheo cha Mjane wa Taifa na ua la plastiki. Alipomwona Mwantumu pale pembeni na ubao wake, aligeuza uso.

Mheshimiwa Tunguja alihutubia saa moja na nusu. Kisha mshereheshaji akawaita wauza chakula wenye mhuri waje watoe mkono. Wakasimama wale ndugu thelathini waliopaka losheni. Nyuma yao, kutoka lango la kushoto, lango la kulia na upenyo uliokuwa kwenye ua wa nyuma, wakaingia wengine mia nne. Waliimba wimbo wa taifa. Kila mmoja alikuwa ameinua kiganja chake cha kulia, na kila kiganja kilikuwa na nembo, hata kama ilibidi uitafute.

Waziri alimtazama Bwana Afya. Bwana Afya akafunua daftari kwa kidole kilicholoweshwa ulimini, akathibitisha kwamba wote wamo.

Basi wakaanza. Selemba ndiye alikuwa wa kwanza, na hakuwa na haraka. Aliushika mkono wa Waziri kwa mikono yake yote miwili, akausugua, akauombea dua. Nyuma yake mpara samaki, magamba bado yamemganda mpaka kwenye vifundo. Nyuma yake mzibua mtaro. Nyuma yake mama mmoja mwenye mtoto mgongoni, aliyesimama kwanza, akamfuta mtoto nyuma kwa kiganja, ndipo akampa Waziri mkono na kumtakia maisha marefu. Tabasamu la Mheshimiwa lilianza pana. Kufikia mtu wa hamsini lilikuwa limebaki meno. Alijaribu kujifuta kwenye koti, na Bwana Afya, mtumishi mwaminifu, akamnong'oneza mbele ya kipaza sauti kwamba kusugua kunaweza kufifisha nembo. Wakurugenzi kumi na wanane walimfuata kwenye mstari, mmoja baada ya mwingine, na Bwana Afya mwenyewe mwishoni. Walipokwenda mezani, nzi walikwenda nao.

Mwantumu aliwatazama wakikaa. Raha ilimshuka kutoka kifuani mpaka kwenye nyayo, na hakuionea aibu.

Kawa zikafunuliwa. Mheshimiwa Tunguja aliutazama mkono wake kama mtu aliyepewa mkono wa mwenzake ashikilie. Ulikuwa na rangi ambayo haikuwa kijani tena, na harufu yake ilikuwa imetangulia kwenye sahani. Akainama upande wa Mwantumu, akijifanya anarekebisha kitambaa.

"Mama," alinong'ona, "nimwagie kidogo. Hapa chini ya meza."

"Nitakumwagia, mheshimiwa," Mwantumu akamjibu kwa sauti ile ile isiyopanda wala kushuka. "Sema tu kwenye kipaza sauti kwamba mkono wako mchafu, na kwamba Mzee Kwangaya hakuuawa na mimi."

Waziri akakaa sawasawa. Ndipo akakumbuka, au akakumbushwa na kikaratasi cha ratiba, kwamba tonge la kwanza si lake. Mshereheshaji alikwishalitangaza jambo hilo kwa mbwembwe: Mheshimiwa Waziri, kwa mkono wake mwenyewe, atamlisha Mjane wa Taifa. Uso wa Tunguja ulichanua. Akafinyanga tonge kubwa, akalibonyeza pande zote, na Bi Tatu akaletwa mezani huku ngoma zikipigwa.

Hili Mwantumu hakulijua. Halikuwa kwenye kitabu. Wiki tatu zote alizopanga zilikuwa zinatembea kwenda kwenye kinywa cha mwanamke ambaye alikuwa akimletea bamia. Angenyamaza, wangekula wote, Tunguja na wakurugenzi wake, mpaka wa mwisho, kama alivyotaka. Bi Tatu mwenyewe alimfukuza msibani mbele za watu. Mambo hayo yote yalimpitia Mwantumu kichwani, na hatuwezi kusema hayakukaa hata kidogo. Kisha alitoka pale alipowekwa, ubao ukimgonga kifuani, akaudaka mkono wa Waziri hewani.

"Usile, mama," alimwambia Bi Tatu. "Nichukie utakavyo, lakini hili usile."

Askari wawili walimrukia. Lakini alikuwa ameushika ule mkono kwa nguvu za mtu aliyesonga ugali maisha yake yote, na wakati wanamvuta, mkono wa Waziri ulisogea mpaka chini ya pua ya Bi Tatu na kusimama hapo. Bi Tatu akauona. Aliona gamba la samaki juu ya wali, uzi wa kijani usiojulikana chini ya ukucha, na katikati ya kiganja, nembo ileile aliyoizika na mumewe. Kamera nazo zilitazama. Ngoma zikanyamaza moja moja.

Bi Tatu alikichukua kipaza sauti kutoka mezani kama aliyekuwa amekiweka hapo yeye.

"Mume wangu alikula kwa mkono kama huu," alisema. "Mheshimiwa, huu mkono ni msafi?"

Nchi nzima ilikuwa inasubiri. Kusema hapana kulikuwa kuua wizara, sheria, mhuri na gari. Tunguja akasema kwamba ndiyo, kisheria ni msafi.

"Basi hilo tonge kula wewe," Bi Tatu akasema.

Akala. Alitafuna macho yamefumbwa, akameza, akajaribu kutabasamu. Bi Tatu akasukuma sinia mbele yake na kumwambia aongeze. Akaongeza. Na kwa kuwa itifaki ya nchi ile hairuhusu mdogo kukaa bila kula mkubwa wake anapokula, wakurugenzi kumi na wanane wakaingiza mikono, na Bwana Afya Ndembo akafinyanga la kwake huku jasho likimtoka bila barua. Mwantumu alikuwa ameshaachiwa na askari, waliokuwa nao wanatazama. Alihesabu matonge ya Waziri kimyakimya. Kila lililoshuka, alimwona Mzee Kwangaya akitembea na kiganja wazi, na hakumwonea Tunguja huruma hata ya kusingizia.

Lilipofika la tisa lilikataa kushuka. Mheshimiwa alilishikilia mdomoni, mashavu yamejaa, macho yamemtoka, halafu akalitema kwenye kitambaa cheupe na kukidaka kipaza sauti.

"Maji," alisema. "Nipeni maji. Mikono hii ni michafu."

"Na ya waliompikia mume wangu?" Bi Tatu akamuuliza.

"Ilikuwa michafu. Tuliipiga mhuri ikiwa michafu. Mama huyu hakuhusika, nipeni maji."

Hakuna aliyepiga makofi, na katika nchi ile hilo halikuwahi kutokea. Bi Tatu alimgeukia Mwantumu, akauvua ule ubao shingoni mwake, akaulaza kifudifudi juu ya pilau. Mwantumu alimshika bega, akamketisha, kisha akakokota ndoo mpaka kwenye kiti cha Waziri na kuweka beseni chini.

Alimnawisha kama alivyokuwa akimnawisha kila mteja, bila kuruka kitu. Alipitisha sabuni viganjani, migongoni mwa mikono, kwenye vifundo, katikati ya vidole, chini ya kucha. Rangi ya kijani ilitiririka ikaingia kwenye beseni pamoja na magamba na yale mengine, nembo ikafifia, ikakatika, ikaisha, na mkono wa Mheshimiwa Daktari Tunguja ukabaki mkono wa kawaida wa mtu mzima, mweupe kwa kuloa. Aliutazama kwa furaha ya mtu aliyeokoka. Akamshukuru Mwantumu, akamwita mama, akamwuliza kama sasa amekuwa sawa.

"Nje umetakata, mheshimiwa," Mwantumu akamwambia. "Ndani siwezi kukufikia."

Kisha akafunga koki. Nyuma ya Waziri wakurugenzi kumi na wanane walikuwa wameshapanga foleni, kila mmoja ameinua mkono wake juu mbali na nguo, na Mwantumu hakuwa na haraka.